Nataka kufunga baraza kwa vioo, mama mkwe amenyamaza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Segerea, Dar es Salaam. Kazi yangu ni ushonaji. Nashonea nyumbani, hasa magauni ya harusi na sare za vikundi vya kina mama. Nakuandikia kuhusu baraza la nyumba yetu. Mwingine akisoma ataona ni jambo dogo, ila kwetu limeshaondoa raha.

Nyumba tulijenga mimi na mume wangu kwa kudunduliza. Ina vyumba vitatu: chetu, cha watoto, na cha tatu nilikuwa naweka cherehani zangu. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alitoka Kilwa Kivinje akaja kukaa nasi, na chumba kile tukampa yeye. Sikulalamika na hata leo silalamiki, ni mama yetu. Cherehani zikahamia sebuleni. Tangu hapo nakata vitambaa juu ya meza ya chakula watu wakishamaliza kula. Juzijuzi gauni la bibi harusi, satini nyeupe, lilipata mafuta ya chipsi kifuani, ikabidi niende Kariakoo kununua kitambaa kingine kwa pesa yangu na kukesha nakirudia. Mteja akitaka kujipima tunaingia chumbani kwangu, na kama mume wangu amelala, mteja anasubiri.

Baraza letu ni refu na limepinda kona. Upande wa mbele unatazama barabara ya mtaa, magharibi, hatuna ukuta, ni michongoma tu. Upande mfupi unazunguka kuelekea kaskazini, kwa jirani. Nimeona nyumba za watu Mbezi Beach, na picha za Uingereza pia, mtu amefunga baraza zima kwa vioo na fremu za alumini, ndani viti na maua, mwanga mtupu. Nikajisemea, hiki ndicho chumba changu cha kazi. Kushona kunataka mwanga, Shangazi, hasa kitambaa cheusi na uzi mweusi. Desemba tulivunja kikoba nikapata zaidi ya milioni 3. Fundi wa alumini amekuja kupima, ametaja milioni 4.5 pamoja na vioo vya rangi, na anataka nusu mkononi ili aanze kabla ya masika.

Sasa mama. Baraza la mbele ndipo anaposhinda. Akishaswali alfajiri anatandika mkeka wake pale, anasuka ukili mpaka jua limfikie mchana, kisha anasogea pembeni. Muuza mboga anamjua, vijana wa bodaboda wanamwamkia, watoto wa mtaa wakitoka shule wanamwachia mabegi wakacheze. Siku fundi alipokuja na futi yake, mama aliinuka bila kuambiwa, akakunja mkeka, akaokota ukindu wake uliokuwa umetapakaa, mmoja mmoja, akaingia ndani. Fundi akaendelea kupima. Toka siku ile hakai tena nje. Nikimuuliza, "Mama, mbona hukai barazani?" ananijibu, "Hapana mwanangu, niko sawa." Chakula anakula, salamu anaitikia, ila ule ukimya wake unanimaliza.

Mume wangu nimemwomba azungumze na mama yake. Anasema hayo ni mambo ya wanawake, mwelewane wenyewe, yeye yuko tayari kuongezea hela inayopungua. Wifi yangu wa Mbagala naye amepata habari, sijui kwa nani, akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba nataka kumfungia mama yao kwenye kioo kama samaki wa maonyesho. Sijamjibu. Nililia.

Shangazi, mimi si mtu mbaya. Nikiacha, nitabaki na cherehani sebuleni hadi lini? Nikifunga, nitaishije na yule mama akininyamazia hivi? Na fundi hachoki kupiga simu. Nifanyeje?

Mshonaji, Segerea

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kazi, na pole kwa machozi.

Jambo lako silioni dogo hata kidogo. Mtu anayefanya kazi ya mikono nyumbani bila mahali pa kuifanyia anachoka kwa kazi yenyewe, tena anachoka kwa kuikusanya na kuihamisha kila watu wanapotaka kula. Ulitoa chumba chako bila kinyongo. Katika barua yako sikuona aliyekushukuru kwa hilo, basi acha mimi nikushukuru: ulifanya jambo la heshima, na kutaka sehemu yako sasa hakuifuti heshima ile.

Nikikuelewa vizuri, unatafuta mahali penye mwanga pa kukatia na kushonea, pasipofikiwa na mafuta ya chipsi, mteja apate kujipima kwa stara, na jioni ufunge mlango kazi ilale. Kinachokusimamisha ni ukimya wa mama, na hofu ya kuonekana umemfukuza pale alipopazoea. Naona umeyafunga mambo haya mawili kuwa moja: ama vioo au mama. Hebu tuyaachanishe kidogo.

Umeusoma ukimya wa mama kama pingamizi, na huenda ndivyo ulivyo. Lakini mtazame huyu mama. Amefiwa na mume, ameacha nyumba yake na majirani wa miaka yote, amepewa chumba ambacho kwa macho yake aliona cherehani zikitolewa ili yeye aingie. Siku moja anakuja mwanamume asiyemjua, anapima mahali alipokaa, na hakuna aliyemtangulizia neno. Wazee wengi wakiona nyumba ya mtoto inapimwa hawawazi vioo kabisa. Wanawaza, kumbe nimekaa sana. Mama anaweza kuwa anajiona mzigo kuliko anavyoliona baraza lake linachukuliwa, na hizo ni huzuni mbili zinazotaka maneno tofauti. Ukimwendea na maelezo ya vioo wakati yeye anasubiri kusikia kama bado anatakiwa hapo nyumbani, mtazungumza mchana kutwa msielewane.

Ulipomuuliza mbona hakai nje, angekujibu nini zaidi ya hicho alichojibu? Anaishi kwa mwanawe, anayeuliza ni mkwewe, na amelelewa katika adabu ya kutosema moja kwa moja "umeniumiza." Swali la namna hiyo lina jibu moja tu. Pengine asiulizwe kwanza. Pengine aambiwe: mama, fundi yule nilimwita mimi, nilikosa mahali pa kushonea, nilipaswa kukwambia kabla hajafika, na hapa ni kwako. Kisha mwachie nafasi, hata kama hatasema kitu siku hiyo. Hatari yake naijua: anaweza kulia, au akasema neno litakalokuuma. Bado ni afadhali lisemwe ukiwepo kuliko kulisoma kwenye kundi la familia.

Kuhusu baraza lenyewe, nataka ufikiri pamoja nami. Zile nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Magomeni zilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati wenye vyumba huku na huku, na uani nyuma. Mbele alikaa mgeni na mpita njia. Uani ndiko mama zetu walikopika, walikofua, walikosukana nywele na kusuka mikeka. Nyumba tunazojenga sasa Segerea, Kinyerezi au Goba nyingi hazina uani wa namna hiyo. Nyuma imebaki chemba ya choo na tanki la maji. Yote yaliyokuwa ya uani yamehamia barazani. Kwa mama yako baraza lile ni uani, ni mtaa, na ni karakana. Kwa mtu aliyehama Kilwa uzeeni, pale ndipo alipopata watu wa Dar es Salaam wanaomwita kwa jina. Na ukitazama vizuri, nyumba yenu ina mafundi wawili, mmoja wa satini na mmoja wa ukili, wote wanataka mwanga wa upande uleule. Hakuna aliyewahi kuwakalisha wakalizungumza hivyo.

Sasa vioo, maana hapa nina wasiwasi hata kama mama angekubali kwa vigelegele.

Chumba cha vioo unachokiona kwenye picha za Uingereza kilibuniwa kwa ajili ya nchi ya baridi, ambako jua ni adimu miezi mingi na watu wanalikaribisha ndani lipashe nyumba. Dar es Salaam, hata Julai ambao ndio mwezi wetu wa ubaridi, mchana joto hufika nyuzi 28 hivi, na Januari hadi Machi huvuka 31, unyevu ukiwa juu yake. Mwanga wa jua hupenya kioo bila taabu, hugonga sakafu, meza na vitambaa, navyo vikishapata moto joto lao halitoki kirahisi kupitia kioo kilekile. Linabaki ndani pamoja na hewa iliyofungiwa. Baraza lako la mbele linatazama magharibi. Huko jua la alasiri linashuka na kupita chini ya paa, paa halina la kufanya, na hali ni hiyo mwaka mzima. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mama husuka mpaka jua limfikie, kisha husogea. Yeye na mkeka wake wanaweza kusogea. Meza ya kukatia haitasogea, na ukiwasha pasi humo saa tisa alasiri ya mwezi wa pili, mwanangu, utatoka nje kutafuta hewa.

Kuna upepo pia. Kaskazi na kusi, kila moja kwa msimu wake, hutufikia kutoka upande wa mashariki, moja kaskazini-mashariki na nyingine kusini-mashariki. Kama nyumba yako inatazama magharibi, hewa inaingia kwa madirisha ya nyuma, inapita sebuleni na kutokea barazani. Ukiziba baraza, vyumba vyote vinapoteza pa kutolea hewa, hata kile cha watoto. Na madirisha ya kusukuma hufunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Vioo vya rangi vinapunguza ukali, havileti kivuli. Wengi waliofunga hivyo huishia kununua kiyoyozi, halafu luku inakula faida ya magauni.

Na wateja wako? Bibi harusi hawezi kujipima kwenye chumba cha vioo kinachotazama kijiwe cha bodaboda. Utaweka mapazia mazito, na ukishayashusha mwanga ulioununulia vioo umeondoka. Vitambaa navyo, vikipigwa na jua la kioo siku nyingi, hupauka. Sisemi usifunge. Nasema picha iliyokuvutia ilikuwa ya sehemu ya kupumzikia, viti na maua, na wewe unatafuta karakana.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi ya advansi, ningekuomba ujaribu kitu kimoja. Hamishia cherehani moja barazani kwa wiki nzima, ufanye kazi ya kweli. Siku kadhaa kaa upande wa mbele kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili, siku nyingine kaa ule upande mfupi wa kaskazini kwa saa zilezile. Uone jua linafika wapi, vumbi linatulia wapi, unasikia nini. Na umwambie mama: wiki hii nimehamia nje, njoo tukae. Asipokuja siku ya kwanza usimlazimishe.

Upande ule mfupi umenivutia tangu nilipousoma. Dar es Salaam jua hukaa kaskazini katikati ya mwaka, lakini mchana huwa juu sana, hivyo paa lenye upana wa kutosha hulizuia vizuri. Chumba kidogo pale, kuta za tofali hadi kiunoni, juu madirisha ya luva yanayofunguka karibu yote, na kona yenye pazia kwa ajili ya kujipimia, kingeweza kukupa mwanga wa kunyooka bila kukuchoma, na mbele pakabaki pa mama. Ila usilichukue hili kama jibu lililokwisha. Upande mfupi unaweza kuwa mwembamba mno kwa meza ya kukatia gauni lenye mkia. Dirisha lako litatazama kwa jirani, naye ana haki ya kuulizwa. Sakafu ya baraza huenda haina msingi wa kubeba tofali, na maji ya paa wakati wa masika lazima yapate njia isiyoishia kwake. Na mama anaweza kuona ameachiwa kipande, kama hakushirikishwa kukichagua.

Njia nyingine ni kutofunga kwa kioo kabisa: grili kwa usalama, wavu wa mbu, na upande wa jua tofali za matundu au turubai la kukunja. Hewa inapita, mwanga upo, mbu wanabaki nje. Hilo la mbu si dogo. Wa dengue huuma mchana, na jiji hili lilipata mlipuko mwaka 2014 na tena 2019. Mzee anayeshinda nje na watoto wanaocheza pale wangenufaika. Tatizo ni satini yako nyeupe. Wavu hauzuii vumbi la Segerea wakati wa kiangazi, wala mvua ya upepo. Naona njia hii inamfaa mama zaidi ya wewe, labda kwa upande wa mbele peke yake.

Pia kuna kupanga fremu ya duka. Ungekuwa na kibao, wateja wapya, na sebule ingerudi kuwa sebule. Lakini kodi hudaiwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, leseni na kodi ya serikali zinafuata, na akiba ya kikoba ingeyeyuka kabla hujashona gauni la kwanza. Halafu watoto wakirudi shule wanakukosa, na anayewapokea ni huyohuyo mama unayeogopa kumuumiza. Huenda ukaona hilo ni sawa, huenda ukaona ni kumtwisha. Mwulize.

Ukiamua kujenga chochote cha kudumu, fika serikali ya mtaa na halmashauri ya jiji uulizie kibali cha ujenzi, kwa sababu kuongeza au kubadili jengo mjini kunakihitaji. Mafundi wengi watakwambia ni kidogo tu, hakuna atakayeuliza. Anayeulizwa siku ya ukaguzi ni mwenye nyumba, fundi akiwa ameshafika mtaa mwingine.

Mumeo sasa. Ninaelewa anapokimbia, mwanamume kati ya mama na mke anaona kila neno lake litamwumiza mmoja. Lakini amesema ataongezea hela. Anayetoa hela ameshachagua upande, isipokuwa uamuzi umebaki kwenye jina lako, na lawama za Mbagala zinakuja kwako. Ningemwomba mambo mawili mepesi. La kwanza, yeye ndiye amwambie mama yake, kwa kinywa chake, kwamba nyumba hii ni yake na hakuna anayempangia kuondoka. Maneno hayo yakitoka kwako ni ukarimu. Yakitoka kwa mwanawe ni hakika. La pili, yeye ndiye ampigie dada yake. Usimjibu wifi kwenye kundi. Kule kila jibu litasomwa na watu wasiohusika, na neno moja kali litakumbukwa baada ya baraza kusahaulika. Tena usimwone wifi kuwa adui moja kwa moja. Binti aliye mbali na mama yake husema kwa ukali kwa sababu hana kingine cha kufanya. Mwaliko wa kuja kukaa na mama Jumapili unaweza kumpoza kuliko maelezo.

Mumeo anaweza kukataa yote mawili. Ikiwa hivyo, usiendelee na fundi kwa hasira, maana chumba kilichojengwa kwa hasira utakikalia kila siku.

Fundi mwambie ukweli kwamba familia haijamaliza kuzungumza. Vipimo anavyo. Kama ni fundi wa kweli atasubiri, na kama hawezi kusubiri wiki chache kwa kazi ya milioni 4.5, hilo nalo limekusaidia kumjua. Masika yakitangulia, yaache yanyeshe ukiwa umesimama pale barazani uone maji yanapoingilia. Ni taarifa ambayo ungeilipia baadaye.

Na mume wako, mwulize akirudi kazini jioni yeye hupenda kukaa wapi. Umeniambia mahali pako, pa mama na pa watoto. Pake hukupataja, na anachanga kwenye hilo baraza.